Jitu Limeinamisha Kichwa!

Sijalala. Rangi ya kucha za miguu haijakauka na tayari nimekaa kuandika, maana nikingoja hadi kesho kifua kitanipasuka. Juu ya meza yangu, kati ya birika la chai na magazeti yenye madoa, limesimama jitu: Mega-Gargant wa mchezo wa Warhammer Age of Sigmar. Na mimi ndiye niliyelikata shingo!

Najua, boksi hili limetoka tangu 2020 na wenzangu wengi wameshayachoka ya kwao. Mimi ndio kwanza nalifungua, basi niacheni nishangae. Kwa asiyeujua mchezo: Warhammer, uliozaliwa Uingereza mwaka 1983, ni vita vya mezani vya dadu, futi ya kupimia na sanamu unazoziunga na kuzipaka rangi kwa mkono wako. Askari wa kawaida husimama juu ya kitako cha mviringo cha milimita 25 au 32. Cha jitu hili ni milimita 130! Askari wangu mrefu kuliko wote hafikii hata goti lake. Mwenye jeshi la wana wa Behemat, ndivyo majitu haya yanavyoitwa, anaweza kuja vitani na sanamu tatu au nne tu, na meza ikajaa.

Boksi lenyewe ni karamu. Kwenye zile fremu za plastiki kuna vipande vya kutengeneza jitu la aina tatu: Kraken-eater, mporaji wa pwani, Warstomper, mkanyaga majeshi, na Gatebreaker, mvunja malango. Unaunga moja, na vichwa na silaha za wenzake vinabaki mkononi mwako. Kwa mtu mwenye tabia ya kukata na kubandika kama mimi, hayo si mabaki, ni akiba ya mwaka mzima.

Nilichagua wa pwani. Nikamnyima rungu lake, nikampa mlingoti uliovunjika: kijiti cha mshikaki nilichokichana kwa kisu, kikazungushiwa nyuzi za katani zilizochambuliwa. Katani kwa kipimo hiki inafanana na kamba ya meli hasa! Nikatoboa kiganja kwa kekee, nikapitisha kipande cha waya ndani ya mlingoti, kwa sababu gundi peke yake haiwezi kubeba mzigo mrefu namna ile. Nilifurahi. Halafu nikarudi nyuma hatua mbili, nikaliangalia, na halikuwa jitu langu bado. Lilikuwa lile lile la kwenye boksi, limebadilishiwa fimbo.

Ndipo nikashika msumeno. Nilikata shingo kwa mshazari na kukiinamisha kichwa kidogo, kushoto na chini, basi. Jamani! Lile jabari lililokuwa likinguruma kuelekea upeo wa macho sasa linatazama kitu karibu na mguu wake. Nikamweka pale askari mmoja, mkuki umemdondoka. Hadithi nzima imegeuka kwa mkato usiofika hata sentimita moja. Linataka kumkanyaga? Linamshangaa? Hata mimi sijui, na ninapenda nisijue.

Mkato wangu ulipitiliza, nakiri, ukaacha pengo la kupitisha kijiti cha meno. Dawa yake ni ile puti ya epoksi ya vipande viwili, cha bluu na cha njano, unayoikanda hadi iwe kijani. Paka vidole mafuta ya Vaseline, la sivyo itakung'ang'ania wewe badala ya sanamu. Inakupa muda wa kutosha kuchora mishipa ya shingo na mikunjo ya kidevu, kisha iache usiku kucha igande. Asubuhi nikapitisha msasa laini, na pengo likawa misuli.

Na rangi! Hapa ukubwa ndio unaokufundisha adabu. Kwa askari mdogo, uso ni matone matatu ya brashi. Huku una tumbo kama uwanja, na kila mchirizi wa brashi unaonekana kutoka mlangoni. Nilipuliza praima nyeusi kote, halafu nyeupe kutoka juu tu, mithili ya jua la saa sita, nikaona kabla ya rangi yoyote kivuli kitakaa wapi. Rangi za Contrast, zilizotoka 2019, hujikusanya zenyewe kwenye mikunjo na hufanya maajabu kwenye manyoya na kamba. Ila kwenye ngozi pana zinaacha mabaka. Kwa hiyo ngozi niliipaka tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba: zambarau chini ya kitambi, wekundu kwenye pua, viwiko na magoti, bluu hafifu penye ndevu zilizonyolewa. Wekundu wa magoti peke yake ulitia damu mwilini mwake!

Lawama? Nafasi. Hakuna kabati la kulitosha nyumbani kwangu. Na uvumilivu: ukiunga kila kitu kabla ya kupaka, brashi haitafika kwapani, basi acha kichwa na mikono pembeni hadi mwisho. Zaidi ya hapo, kama una msumeno mwembamba na roho ya kuharibu kitu kizuri, usiogope. Usianze na fimbo. Anza na shingo.

Saa kumi na moja alfajiri shemeji yangu aliingia kutafuta chaja. Yeye hajui dadu wala Behemat, na kwa miaka mingi ameviita vitu vyangu midoli. Akasimama mezani. Hakuuliza bei, hakucheka. Aliinama polepole, kichwa kushoto na chini, kuona jitu linatazama nini.