Baada ya Picha Kutokea

Picha ikishatokea kwenye runinga, mwenye nyumba huona kazi imekwisha. Watoto hushangilia, rimoti huanza kugombewa, na fundi huulizwa anadai shilingi ngapi. Fundi ninayetaka kumsifu hapa ni yule ambaye saa hiyo bado yuko darini, au nje ukutani, akikaza koneksheni ambayo hakuna mtu wa nyumba hiyo atakayeiona.

Namsifu huyo kwa sababu siku hizi picha si shahidi wa kutegemewa. Enzi za analojia kazi mbovu ilijianika yenyewe: chenga zilijaa kwenye kioo, mtangazaji akawa na kivuli pembeni, sauti ikakoroma. Kila aliyekaa sebuleni alikuwa mkaguzi. Usiku wa Desemba 31, 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, miji mingine ikafuata mwaka 2013, na ving'amuzi vikatuondolea chenga. Mawimbi ya dijitali yakifika yamedhoofika kidogo, king'amuzi husahihisha makosa na kutoa picha ileile safi. Yakishuka zaidi, picha hugandaganda, kisha hutoweka kabisa. Kazi bora na kazi iliyobakiza chembe tu kabla ya kuporomoka, kwa macho ni sawasawa. Masika ndiyo huzitenganisha: mvua kubwa hunyonya mawimbi ya setilaiti, na nyumba moja ikaangalia taarifa ya habari mpaka mwisho ilhali jirani amebaki anasoma maandishi ya kukosa mawimbi. Mkaguzi wa sebuleni amestaafishwa. Amebaki fundi na dhamiri yake.

Dhamiri hiyo huanza na hesabu. Chukua nyumba ya kawaida ya Mbagala au Tabata, antena moja juu ya bati, runinga sebuleni na vyumba vitatu vinavyotaka picha. Splita haizalishi kitu, inagawa kilichoingia. Ile ya njia mbili hupunguza desibeli 3.5 hivi kwa kila tundu. Ya njia nne hupunguza 7 au zaidi, yaani kila chumba kinapata kama sehemu moja ya tano ya kilichokuja. Waya wa mita 30 nao hula desibeli 5 hivi njiani. Ni kama bomba la maji la mtaa: wa mwisho kwenye mstari ndiye anayejua kama aliyelipanga alipiga hesabu. Fundi mzuri hupima kwanza waya mrefu kuliko zote, akahakikisha chumba hicho kitatosheka, ndipo anapokata.

Asiyepiga hesabu hukimbilia busta, tena huiweka nyuma ya runinga kwa kuwa soketi iko hapo. Mawimbi yakishasafiri waya mzima na kudhoofika, busta hukuza udhaifu huohuo pamoja na kelele zilizoingia. Mahali pake ni karibu na antena, mwanzo wa safari. Na mtu anayekaa jirani na mnara wa kurushia matangazo pengine haihitaji hata kidogo, maana mawimbi makali kupita kiasi nayo humlemea mpokeaji. Nimeona mafundi wakikataa kuuza busta waliyokuwa nayo mfukoni. Kukataa huko ni sehemu ya ufundi. Hata tundu la splita lisilotumika huwa na haki yake: huzibwa kwa kizibo chenye ukinzani wa ohm 75, sawa na wa waya wenyewe, ili mawimbi yasigonge mwisho mtupu na kurudi kuvuruga wengine.

Kwa dishi mambo ni tofauti, na hapo ndipo wengi hukwama. King'amuzi hupeleka umeme kwenye LNB, kile kichwa cha kupokelea kilicho mbele ya dishi, kupitia waya uleule unaoleta mawimbi: volti 13 kuomba kundi moja la matangazo, volti 18 kuomba jingine. Weka ving'amuzi viwili kwenye splita ya kawaida, kimoja kikiomba 13 na kingine 18, LNB itakitii kimoja tu. Dawa yake ni LNB yenye matundu mawili au manne, kila king'amuzi na waya wake. Na kwa kuwa umeme umo ndani ya waya, king'amuzi huchomolewa kabla koneksheni haijaguswa. Unywele mmoja tu wa wavu wa nje ukigusa shaba ya katikati ni shoti, na king'amuzi kinaweza kufa hapohapo.

Kupanga dishi kuna uzuri wake wa pekee. Tazama mapaa ya Dar es Salaam: madishi ya DStv yameinama kuelekea utosini mwa anga, kwa sababu setilaiti yake iko kwenye longitudo ya nyuzi 36 mashariki, karibu juu ya vichwa vyetu, ilhali ya Azam yanatazama upande wa magharibi, kwa setilaiti iliyo kwenye longitudo ya nyuzi 7 mashariki. Na yote huonekana kutazama chini kuliko yanakotazama kweli, kwa kuwa mkono wa LNB umewekwa pembeni na siyo katikati ya sahani. Setilaiti hizo ziko karibu kilomita 36,000 kutoka hapa, na fundi huzitafuta kwa spana namba 13, akisogeza sahani kwa upana wa kucha, anasubiri, anasogeza tena.

Vitu anavyovishika vina nasaba. Waya wenye shaba katikati na wavu pembeni ulipewa hataza Uingereza mwaka 1880 kwa jina la Oliver Heaviside. Antena ya vijiti kwenye mapaa yetu ilibuniwa Japani na Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi, na ilitangazwa mwaka 1926.

Lakini ninachokiheshimu zaidi ni namna anavyowalinda watu ambao hawajui kwamba kuna hatari. Runinga nyingi huja na plagi ya miti miwili, haina ethi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini. Ndani yake kuna kapasita ndogo za kuzuia kelele za umeme, na kupitia hizo mkondo mdogo, sehemu tu ya miliampea, huvuja hadi kwenye ganda la waya wa antena. Runinga moja haina neno, utahisi msisimko kidoleni. Splita, hata hivyo, huunganisha maganda yote. Runinga nne na ving'amuzi vinne vikijumlisha uvujaji wao, atakayeshika koneksheni huku amekanyaga sakafu mbichi anakuwa yeye ndiye njia ya kwenda ardhini. Akiwa juu ya ngazi, mshtuko usioua wenyewe unaweza kumwangusha. Na kifaa kimoja kikiharibika vibaya, volti 230 zinaweza kutembea kwenye ganda hilo hadi chumba cha mtoto. Ndiyo maana tabia yetu ya kuchomeka kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya miti miwili iingie hunikera sana: tundu hilo ni la ethi, na kalamu hufungua vifuniko vilivyowekwa makusudi kuwazuia watoto.

Fundi makini huifunga splita kwenye bamba la chuma, akavuta waya wa shaba wa milimita 4 za mraba, ule wa kijani na njano, mpaka kwenye ethi kuu ya nyumba. Ethi ileile, siyo nyingine. Fimbo ya pili iliyochimbiwa peke yake upande wa pili wa nyumba huleta hatari mpya, kwa kuwa radi ikipiga jirani fimbo mbili hupata volti tofauti, na tofauti hiyo hupita ndani ya runinga. Fimbo ikihitajika, huunganishwa na ya kwanza. Radi yenyewe ikipiga dishi moja kwa moja, hakuna waya utakaokiokoa kifaa. Ethi ni kwa ajili ya zile zinazopiga jirani, ambazo ni nyingi zaidi.

Nguzo ya antena nayo husimamishwa mahali ambapo hata ikianguka haitafika kwenye nyaya za TANESCO. Bati likiwa na maji fundi hapandi, hata mteja akilalamika kwamba mpira unaanza saa moja. Waya unaoingia ndani huachiwa kitanzi kinachoning'inia, maji ya mvua yadondokee hapo badala ya kuufuata hadi kwenye koneksheni, na koneksheni ya nje hufungwa utepe wa mpira, kwa sababu hewa ya chumvi ya pwani hula shaba taratibu.

Hayo yote hufanyika picha ikiwa imeshatokea, na mara nyingi hayalipwi. Mwishoni fundi huandika majina kwenye kila waya kwa kalamu isiyofutika: sebule, chumba cha mama, wageni. Kwenye ule wa kijani na njano huandika kwamba usikatwe. Fundi atakayekuja kuongeza chumba cha tano anaweza kuwa mwingine kabisa.