Paneli Nayo Ni Mhakiki

Ukitaka kuonyesha kazi yako kwenye maonyesho, swali la kwanza utakaloulizwa halihusu sanaa: uko na paneli? Mimi sikuwa nazo nilipopata nafasi kwenye maonyesho fulani hapa Kitui mjini, kwa hivyo nikakodi plaiwudi zilizofunikwa kitambaa cheupe. Zilikaa poa hadi saa saba mchana. Upepo wa Agosti ulipopiga, ubao ukageuka tanga, na michoro yangu mitano ikalala kwenye vumbi jekundu.

Tangu siku hiyo mimi ni mhakiki wa paneli, na hukumu yangu ni hii.

Plaiwudi inaipa picha utulivu. Inamficha jirani yako na bidhaa zake zote, jicho linabaki na kazi tu. Lakini ni nzito, makanga atakudai nauli ya abiria wa pili ndio aipandishe kwenye keria, na nje inataka miguu mipana na mfuko wa mchanga kila upande. Kitambaa cheupe nacho, kwenye jua letu, kinachoma macho mpaka rangi za mchoro zinaonekana zimefifia. Chukua kijivu.

Weldimeshi ni jambo lingine. Fundi wa jua kali anakukatia, anachomelea fremu, anatia bawaba. Ukizikunja kwa pembe zinasimama zenyewe na upepo unapita katikati. Shida ni ile miraba: mchoro wa penseli unakaa kama uko jela. Mimi nilishonea magunia juu ya waya, na kusema ukweli, nikajiona nimefika.

Maonyesho yaliyofuata, kando yangu aliketi mama mmoja wa makamo, vyondo vyake vimepangwa juu ya mkeka. Nikamhurumia. "Mwaitu, njoo uangike hapa, watu wakuone."

Akaangika vitatu. Akarudi nyuma, akatazama, kisha akaviteremsha kimoja kimoja.

"Mwanangu," akasema, "kiondo kina tumbo na mgongo. Hapa umekinyima mgongo."

Alikuwa sahihi. Kiondo huanzia kitakoni, kamba za katani zikitoka katikati, kisha kinapanda kwa kuzunguka. Ili ukisome lazima ukigeuze mikononi. Kwenye paneli yangu kilikuwa picha ya kiondo. Niliangalia wateja siku nzima: kwangu walipita mikono mgongoni, kimya, kama wako kanisani. Kwake walichuchumaa, wakashika, wakaingiza mkono ndani, wakabishana bei. Na bado mimi niliitwa "msanii", yeye akaitwa "yule mama wa vyondo". Kilichotutenganisha ni chuma na magunia.

Mwaka 2019, jumba la Hepworth Wakefield kule Uingereza lilionyesha vyungu vya Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi. Vilisimama juu ya majukwaa, na watu wakavizunguka. Chungu kilipewa mgongo wake na hakuna aliyeuliza kama ni sanaa. Wazo hilo halihitaji jumba la Uingereza. Linahitaji meza iliyowekwa katikati ya kibanda badala ya kusukumwa ukutani.

Tena nina kesi yangu mwenyewe. Juzi nilipekua kazi nilizofanya tangu ninunue zile paneli. Zote ni A3, zote zimesimama wima. Sijachora kitu kipana hata kimoja. Hakuna aliyenikataza, nilianza tu kuchora kinachotosha kwenye waya. Paneli imenihariri kabla sijagusa karatasi.

Kwa hivyo, kabla ya kwenda kwa fundi, tandaza kazi zako sakafuni. Jiulize unataka mtu afanye nini mbele yake: asimame, azunguke, achuchumae, aguse? Mpe fundi jibu hilo, ndipo mzungumze bei.

Mimi nimeagiza meza ya duara, ya kufika magotini. Tumekubaliana na mwaitu tutagawana gharama. Na nyumbani nimeunganisha karatasi nne kwa selotepu, bado sijui nitaziangika wapi.