Nyumba za INEAC Yangambi: tusifu barza, tuhoji boyeri

Kila mmoja wetu akipita Yangambi anaweka hapa picha ya zile nyumba za matofali mekundu, na komenti ni ileile: "Bazungu walijenga!" Mimi nasema tukisifu ukuta peke yake, nyumba bado hatujaisoma.

INEAC ilianzishwa mwaka 1933, na Yangambi, karibu kilomita 100 ukishuka mto kutoka Kisangani, njo ilikuwa kituo chake kikubwa. Kule mvua inafika karibu milimita 1,800 kwa mwaka. Mchoraji alilijua hilo. Paa linapita ukuta kwa mbali, maji yanaanguka bila kugusa msingi. Barza ni pana, unakaa nje na mvua inanyesha. Madirisha yanatazamana, hewa inapita, hata umeme ukikatika unalala vizuri. Sasa, hiyo si nyumba ya Ulaya! Nyumba ya shamba ya Uingereza au Ubelgiji inafunga hewa na kutafuta jua. Hii inakimbia jua. Na kukaa kivulini, chini ya paa lisilo na ukuta, wazee wetu wa Tshopo walikuwa nako mbele ya INEAC.

Halafu zunguka nyuma. Boyeri: chumba kidogo, dirisha kama la kuku, paa fupi, barza hakuna. Aliyepikia familia ile alilala pale. Matofali ni yaleyale, mvua ni ileile, na fundi alijua vizuri kivuli kinatengenezwaje. Alikipima, akakigawa kwa cheo. Wafanyakazi wa mashamba nao waliwekwa mbali, kwenye kambi.

Kinachonisumbua zaidi ni villa mpya za Makiso. Nguzo kubwa mbele, vioo vingi, paa limefichwa nyuma ya ukuta, ndani joto kama tanuru mpaka klimatizeri iwake. Na nyuma ya parsele? Boyeri, bila dirisha. Yaani katika urithi wote ule tumechukua kile kipande!

Wanaoomba Yangambi ikarabatiwe, niko pamoja nao. Ila mkifunga barza ili mpate chumba kimoja zaidi, mmeiua nyumba, hata matofali yakisimama miaka mingine mia.

Ba-injenia wetu, natafuta plani moja tu ya mwaka huu ambamo mlinzi wa parsele ana barza. Mwenye nayo aiweke hapa chini, tuijadili.