Padri Mlevi na Mlango wa Toba

Mwislamu anayetaka kujua ni kitu gani hasa kinachomtenga padri wa Kikatoliki na waumini wa kawaida, wale waitwao walei, na aisome riwaya ya Mwingereza Graham Greene, The Power and the Glory, iliyotoka mwaka 1940.

Kisa ni cha Meksiko, katika jimbo ambalo serikali imeyafunga makanisa na kuwaandama mapadri. Amebaki padri mmoja, asiyetajwa jina, akijificha. Ni mlevi, tena amezaa mtoto ilhali kuoa amekatazwa. Juu ya hayo wanakijiji wamwendea awaungamishe, kwani hawana mwingine. Itikadi hiyo Greene hakuibuni. Mtaguso wa Trento ulikata shauri mwaka 1563 kuwa aliyekwisha kupewa upadri hawezi kurudi kuwa mlei. Na Kanisa lafundisha kwamba dhambi za padri haziibatilishi ibada anayoiongoza.

Uhodari wa mwandishi uko hapa. Padri huyu alipokuwa ameshiba na kusifiwa, kiburi kilimjaa. Alipotupwa korokoroni, katika kiza na uvundo, alijitaja kuwa ni padri, wala hapana mfungwa aliyemuuza kwa zawadi ya peso 700. Pale akawa mtu miongoni mwa watu, na mapenzi yakamwingia moyoni.

Lakini ukuta wenyewe Greene hakuubomoa. Kabla ya kupigwa risasi, padri ataka naye kuungama. Afisa aliyemkamata, adui wa Kanisa, ndiye aendaye kumwombea kwa Padri José, aliyekubali kuoa ili asiuawe. José akataa kwa woga, na mkewe amzuia. Aliyewafungulia wengine mlango, yeye akosa wa kumfungulia! Kweli, Kanisa lafundisha kuwa majuto kamili humpatia mja msamaha hata padri akikosekana, maadamu ana nia ya kuungama. Lakini huyu afa akijiona aenda mikono mitupu.

Msomaji wetu atauliza: kwa nini mja ahangaike kumtafuta mja mwenziwe, na Mola yu karibu naye? Swali ni la haki. Lakini tusilifanye la kujigamba. Kwetu hakuna upadri, na bado wako watakao kuheshimiwa kwa kilemba kabla ya elimu na mwenendo. Kiburi hakingoji mtu apakwe mafuta.