Kuyeyuka au Kumumunyika? Uhakiki wa Istilahi za Kibandiko cha Dawa

Istilahi ya tiba haipimwi kwa urefu wala kwa ugeni wake, bali kwa picha aipatayo msikilizaji. Kwa kipimo hicho, tafsiri ya neno kwa neno, yaani "kiraka chenye sindano zinazoyeyuka na chembe hai", ina kasoro tatu.

Kwanza, kiraka. Kiraka hushonewa nguo iliyotoboka, ilhali kifaa hiki hubandikwa juu ya ngozi nzima. Kibandiko chafaa zaidi. Meno yake, ambayo kwa kawaida hayafiki milimita moja, yaitwe visindano. Ngeli ya KI-VI yatosha kudokeza udogo.

Pili, kuyeyuka. Samli huyeyuka kwa joto. Sukari humumunyika katika maji. Visindano hivi humumunyika katika majimaji ya mwilini, vikaiacha dawa humo. Tofauti hii si ya wanafunzi wa kemia pekee. Mama wa Mkumbara, wilayani Korogwe, katika tambarare ya joto chini ya milima ya Usambara, akiambiwa kwamba sindano "zinayeyuka", atauliza kwa haki kama zitafika zahanati zikiwa nzima. Kumbe vibandiko vya chanjo vinatarajiwa kustahimili joto kuliko chanjo ya chupa! Neno moja limegeuza sifa kuwa ila.

Tatu, chembe hai. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walieleza kibandiko chenye chembe za magnesi, kilichojaribiwa kwa panya. Chembe hizo zikikutana na majimaji ya mwili hutoa viputo vya haidrojeni, navyo huisukuma dawa ipenye upesi. Hazina uhai. Tena, neno "hai" lina kazi yake tayari: chanjo ya surua ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na kibandiko cha surua na rubela kilijaribiwa nchini Gambia, matokeo yakachapishwa mwaka 2024. Tukiziita chembe za magnesi hai, tutaziitaje chanjo hizo?

Korogwe ilishiriki katika majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S yaliyoanza mwaka 2009. Katika kazi za namna hiyo, ridhaa ya mzazi husimama juu ya maneno aliyosomewa. Kwa hiyo twapendekeza: kibandiko cha visindano vya kumumunyika chenye chembe amilifu. Ni istilahi ndefu, na "amilifu" litahitaji kufafanuliwa. Lakini heri neno linaloulizwa maana kuliko linaloeleweka visivyo.