Sifa za Mwashi wa Matumbawe

Kaskazini ya Wambaa, kisiwani Pemba, ng'ambo ya maji, kuna rasi nyembamba iliyoingia baharini: Ras Mkumbuu. Hapo zimesalia kuta za msikiti wa kale, na kando yake makaburi yenye minara. Watafiti wengine wanaamini kuwa hapo ndipo Qanbalu, mji aliousimulia msafiri al-Masudi aliyefika pwani hii mwaka 916. Mjadala huo ni wa wanahistoria. Mimi namsifu mwashi, ambaye jina lake halikuandikwa popote.

Mwashi huyo alikuwa na mawe ya namna mbili. La kwanza alilichimba nchi kavu, jiwe la matumbawe ya zamani, gumu na lenye vishimo, akajengea kuta nene. La pili alilifuata majini. Tumbawe hai likitolewa baharini huwa laini, hukubali kukatwa na kuchongwa, likikauka hushupaa. Kwa hilo alitengeneza miimo ya milango, matao na mihrabu. Kazi haikumngoja: akichelewa jiwe limekaza, akiharakisha ncha imemeguka. Katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, yangali ukutani. Kila herufi pale ni ushahidi wa mkono uliojua wakati wake.

Chokaa nayo ilitoka baharini. Matumbawe yalipangwa juu ya magogo, yakachomwa, yakamwagiwa maji, kisha yakaachwa yaive kabla ya kuchanganywa na mchanga. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, aghalabu usiozidi mita tatu. Alipotaka ukumbi mpana, mwashi alisimamisha nguzo katikati. Hakushindana na mti, aliusikiliza.

Ufundi huu haukubagua ibada. Kanisa la Kianglikana la Mkunazini, Unguja, lililowekewa jiwe la msingi mwaka 1873 palipokuwa soko la watumwa, nalo lilijengwa kwa mawe ya matumbawe.

Leo hatuwezi kurudi kukata matumbawe hai. Kisiwa cha Misali, mbele ya Wambaa, kimehifadhiwa tangu 1998, na ni haki kihifadhiwe, kwani miamba yake ni mazalio ya samaki. Lakini jiwe la nchi kavu lipo, na chokaa ipo. Kinachopungua ni watu wanaojua kuvitumia. Ukuta wa kale ukipakwa saruji hukosa pumzi. Unyevu hunaswa ndani, na chumvi hulimega jiwe polepole. Kwa hiyo kila panapokarabatiwa gofu, vijana wa kijiji washike mwiko pamoja na fundi mzee, walipwe, wafundishwe hadi wahitimu. Ukarabati usioacha fundi mpya haujamaliza kazi yake.