Wheeler Dealers na saa za fundi zisizohesabiwa

Wandugu, wengi wetu tunaijua Wheeler Dealers hata kama nyumbani hakuna televisheni. Video zake zinatoka simu hii kwenda simu ile, mara nyingi kwa Kifaransa, vile inavyopita kwenye RMC Découverte. Ilianza Uingereza mwaka 2003. Mike Brewer ananunua gari ya zamani, fundi anaitengeneza, inauzwa, na mwishoni hesabu inaonekana kwenye kioo: bei ya kununua, bei ya vipande, bei ya kuuza, faida. Kwa miaka mingi fundi alikuwa Edd China, mrefu kama mnazi, anaeleza polepole kama mwalimu asiyemdharau mwanafunzi. Ni emisio nzuri, mimi naipenda. Lakini hesabu ile ya mwisho iko na shimo, na siye wa Uvira tunaishi ndani ya shimo hilo.

Shimo lenyewe ni hili: saa za fundi hazihesabiwi. Vipande vinalipwa, kazi ya mikono na akili ni bure. Kwa motere unaweza kuvumilia, juu ya vipande vya motere ni bei kali na vinaonekana. Kwa umeme, hesabu hiyo haisimami hata kidogo.

Chukueni zile gari ndogo za michezo za Waingereza, zilizotengenezwa chache chache: TVR ya mji wa Blackpool, iliyoanzishwa na Trevor Wilkinson mwaka 1947, au Lotus Elan iliyotoka 1962. Aina hizi zimepita kwenye emisio. Mwili wake si chuma, ni fiba ya kioo, nyepesi na ngumu. Sasa, kwenye gari ya kawaida umeme unatoka kwenye batri kupitia waya mpaka kwenye taa, halafu unarudi kupitia chuma cha gari lenyewe. Ndiyo ile mafundi wetu wanaita masi. Fiba haipitishi umeme, kwa hiyo taa iliyofungwa kwenye fiba inataka waya wake wa kurudi. Mvuvi wa Kalundu anajua jambo hili bila kusoma: boti yake ni ya mbao, na kila taa anayoifunga ili kuvuta ndagala usiku iko na nyaya mbili.

Nyaya hizo za kurudi zinakusanyika chini ya bulo moja au mbili. Miaka 30 inapita, unyevu unaingia, kutu inakaa katikati. Umeme ukikosa njia yake unatafuta ya jirani. Unakanyaga breki, taa ya kukata kona inawaka kidogo. Unawasha taa za mbele, zinakuwa njano kama kibatari. Kiungo kibovu kikikula volti 2 tu katika 12, mwanga unapungua karibu nusu, na hapo taa yenyewe ni mzima kabisa.

Waingereza wanafanya utani juu ya Lucas, kampuni ya Birmingham iliyouza vifaa vya umeme kwa gari zao nyingi: wanamwita Mkuu wa Giza. Utani unachekesha, lakini kama ukosoaji ni wa uvivu. Unamlaumu aliyetengeneza kipande, wakati mara nyingi ubaya uko kwenye kiungo kati ya vipande viwili. Kiwanda kidogo kilichukua taa kwa huyu na swichi kwa yule. Halafu kila mwenye gari aliongeza redio yake na alarmu yake. Mchoro wa kwenye kitabu na nyaya za kwenye gari vikaachana.

Kwa hiyo dawa ya ugonjwa huu ni kusafisha bulo na kubadilisha waya wa dola moja. Kuipata bulo hiyo kunaweza kula siku mbili. Kwenye hesabu ya Wheeler Dealers utaona dola moja. Zile siku mbili hutaziona.

Tena mwaka 2017 Edd China aliondoka. Yeye mwenyewe alieleza kwamba wakubwa wa televisheni waliona sehemu za garaji ni ngumu mno kutengeneza na walitaka zipunguzwe. Emisio iliendelea, na fundi mwingine aliingia. Lakini ona maana yake: kazi ambayo tayari haikuwa kwenye hesabu, ilitakiwa ipungue hata kwenye picha.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 2024 ziwa lilipanda likaingia barabarani upande wa Kavimvira, na gari zilipita ndani ya maji. Gari ikianza kusumbua taa, mwenyewe anaileta garaji. Fundi wa umeme anatafuta kutwa nzima, anakuta waya mmoja umeoza, anaomba franga zake. Jibu tunalijua wote: « Waya moja tu? Unaniibia! » Mara ya pili fundi hatafuti tena. Anavuta waya mpya moja kwa moja kutoka batri, rangi yoyote iliyo karibu, na fizibu inayokatika kila mara anaiziba kwa kipande cha shaba. Taa inawaka, mteja anashukuru. Lakini kazi ya fizibu ni kukatika kabla waya haujawaka moto. Ukiiziba, kitakachoungua ni waya wenyewe, na Hiace iko na abiria kumi na kitu ndani yake.

Watu watasema fundi ni mjinga. Mimi nasema fundi amesoma vizuri sana kile tunachokubali kulipa.

Niko na lisansi ya agronomia, na jambo hili nalijua kutoka upande wa shamba. Majani ya mahindi yakiwa njano, mkulima wa bonde la Ruzizi yuko tayari kununua mfuko wa mbolea. Ukimwambia maji yamesimama kwenye mizizi, achimbe mfereji, mbolea aache kwanza, anakuuliza: basi wewe nikulipe nini? Sisi wenye diploma tunalia kwamba shauri letu halina bei. Halafu jioni tunamnyima fundi wa umeme bei ya shauri lake.

Mkipeleka gari au pikipiki, kubalianeni bei ya kutafuta kando na bei ya kipande. Mwombeni aonyeshe kwa mita: taa ikiwa imewaka, mguu mmoja wa mita kwenye hasi ya batri, mwingine kwenye masi ya taa. Ikisoma karibu na sufuri, masi ni nzuri. Ikisoma volti 1 au 2, ugonjwa mmeuona kwa macho, na mfuko wa nyaya mpya hauhitajiki.

Na video za Wheeler Dealers tuendelee kuzitazama. Ila pale mwishoni, faida ikitokea kwenye kioo, kila mmoja ajiulize: fundi huyu amelipwa ngapi?